Mapenzi ya mume hayatoshi kuponya: uhakiki wa riwaya ya Redeeming Love

Francine Rivers alikuwa mwandishi mzoefu wa riwaya za mapenzi za kidunia kabla ya kuokoka mwaka 1986, na Redeeming Love ndiyo riwaya yake ya kwanza baada ya hapo. Ilitoka mwaka 1991, kisha ikachapishwa upya mwaka 1997 baada ya kupitiwa kwa ajili ya wasomaji wa Kikristo. Nakala niliyosoma ni ya Kiingereza chepesi, ina kurasa zaidi ya 400, na hadithi yake inakwenda kwa kasi inayomfanya msomaji aahirishe usingizi. Ninaotaka kuwaambia jambo hapa ni hasa wale wanaonunua vitabu vya aina hii kwa ajili ya vikundi vya akina mama na vijana makanisani, kwa hiyo nitalazimika kugusia hata mwisho wake.

Riwaya imejengwa juu ya kitabu cha nabii Hosea, aliyeamriwa na Mungu kumwoa Gomeri, mwanamke wa uzinzi, na baadaye kumkomboa kwa vipande kumi na vitano vya fedha pamoja na shayiri. Rivers anaihamishia habari hiyo California ya mwaka 1850, miaka miwili baada ya dhahabu kugunduliwa Coloma, wakati maelfu ya wanaume wasio na wake walipomiminika kambini na biashara ya miili ya wanawake ikashamiri. Sarah, mtoto wa miaka minane, anaangukia mikononi mwa tajiri katili aitwaye Duke, anafanywa kahaba, na tangu hapo anajulikana kwa jina la Angel. Mkulima mcha Mungu, Michael Hosea, anamwona akipita njiani na kusadiki kwamba huyo ndiye mke aliyeandaliwa.

Hapa ndipo mwandishi anaponishinda kwa wema. Riwaya nyingi za namna hii humtengeneza mwanamume mpole, zikamtwika mzigo wa kumponya mwanamke, na harusi ikawa ndiyo dawa. Rivers anakataa. Michael ni mvumilivu, anamfuata hadi danguroni na kupigana ili amrudishe, lakini Angel anaendelea kuondoka, kwa sababu mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kila fadhila ina bei hawezi kuamini wema usiodai malipo. Uponyaji wake unaanza kushika mizizi akiwa mbali na mumewe, kule San Francisco, ambako Duke anampata tena na kumsimamisha jukwaani mbele ya umati wa wanaume. Anatakiwa awaburudishe. Badala yake, kwa sauti inayotetemeka, anaanza kuimba ule wimbo ambao sisi tunaujua kama Mwamba Wenye Imara, na kutoka katika umati sauti nzito ya mwanamume inaudaka na kuimba pamoja naye. Mume hayupo, wala hakuna aliyemwombea kwa kumwekea mikono. Ni yeye na Mungu aliyekuwa akimkimbia, na kwa mara ya kwanza uamuzi ni wake mwenyewe.

Baada ya hapo anafungua nyumba ya kuwasaidia wanawake wanaotaka kutoka katika ukahaba. Jambo hilo lina mizizi katika historia ya mji huo, kwani Wapresbiteri walianzisha nyumba ya kimisheni ya aina hiyo mwaka 1874, na Donaldina Cameron, aliyeanza kazi hapo mwaka 1895, alitumia miaka mingi kuwatoa wasichana wa Kichina katika utumwa.

Mhusika aliyenigusa kuliko wote ni Paul, shemeji yake Michael. Huyu ndiye mshirika wa kanisa tunayemfahamu: anamhukumu Angel mchana kweupe, ilhali yeye mwenyewe alikubali mwili wake uwe nauli ya kumpeleka mjini. Chuki yake inalishwa na hatia yake. Anapokwenda hatimaye kumtafuta na kuomba msamaha, tunaona kwamba aliyekuwa mgonjwa zaidi huenda ni yule aliyejiona mzima.

Zipo kasoro, nazo si ndogo. Ndoa yenyewe inafungwa wakati Angel amepigwa hadi karibu kufa, na jibu lake kwa mwanamume anayemwomba waoane ni la mtu asiyejali tena lolote. Kwa ridhaa ya namna hiyo mchungaji yeyote mwangalifu angekataa kufungisha ndoa. Sauti ya Mungu inamjia Michael kwa uwazi mno, kiasi kwamba imani yake haitoki jasho kama ya mkewe. Wenyeji wa asili wa California, ambao idadi yao ilianguka kutoka takriban 150,000 mwaka 1848 hadi takriban 30,000 mwaka 1870, hawana nafasi ya maana katika hadithi, ingawa dhahabu hiyo ilichimbwa katika ardhi yao. Tena kitabu kina unajisi wa mtoto, kujamiiana kwa maharimu na vipigo; kisitolewe kwa wasichana wadogo kwa sababu tu kimeandikwa na Mkristo.

Kinachoniuma zaidi ni hitimisho. Angel alikuwa ameharibiwa kizazi kwa amri ya Duke, na hadithi inamfungia kwa muujiza wa watoto. Najua ni wanawake wangapi katika makanisa yetu wanaoulizwa kila mwaka habari ya mtoto, na sipendi waambiwe na riwaya nzuri kama hii kwamba muhuri wa kuponywa ni mimba. Katika kitabu cha Hosea habari ya ndoa hiyo inaishia pengine kabisa: mume anamwambia mkewe akae naye siku nyingi, naye atakuwa vivyo hivyo kwake, na habari za Gomeri hazitajwi tena.