Uzoefu wangu na Coverage.py: kizingiti cha majaribio kinachozuia kweli

Natumia Coverage.py, chombo kinachopima ni mistari gani ya msimbo imepitiwa na majaribio, kwenye miradi ya Python, ya Django na ya FastAPI, na naitaka ifanye kazi moja: msimbo usiojaribiwa usiingie kwenye tawi kuu. Kazi hiyo inaiweza vizuri sana, ila si kwa namna inavyofungwa mara nyingi. Ile `fail_under = 80`, yaani kizingiti cha asilimia ya chini inayokubalika, inayonakiliwa kutoka mradi mmoja hadi mwingine inavuja, na uvujaji wenyewe unahesabika.

Mipangilio ninayoianzia, ndani ya `pyproject.toml`, ni hii:

```
[tool.coverage.run]
source = ["duka"]
branch = true
relative_files = true

[tool.coverage.report]
fail_under = 85
precision = 2
show_missing = true
skip_covered = true
exclude_also = ["if TYPE_CHECKING:", "raise NotImplementedError"]
```

Unaendesha `coverage run -m pytest`, kisha `coverage report`. Jumla ikiwa chini ya kizingiti, amri ya pili inatoka na namba 2 na ujenzi (build) unasimama hapo hapo. Najua wengi wanapenda pytest-cov, kiambatisho cha pytest (chombo cha kuendesha majaribio), kwa sababu inafanya yote kwa amri moja, lakini nayo inasoma `fail_under` hiyo hiyo. Ukiendesha faili moja la majaribio ukiwa unatafuta kosa, jumla inaporomoka na pytest inakuambia imeshindwa ilhali majaribio yote yamepita. Dawa yake ni kuongeza `--no-cov`. Mimi naona afadhali kutenganisha: pytest ijaribu, `coverage report` ihukumu.

Usiache `source`. Bila hiyo, Coverage.py inaripoti faili zilizoguswa tu wakati wa majaribio. Moduli ambayo hakuna jaribio lililoiita haitokei kabisa kwenye ripoti, wala haipunguzi asilimia. Ukitaja `source`, moduli ile ile inaingia kwenye hesabu ikiwa na sifuri. Mradi unaoweka `source` kwa mara ya kwanza mara nyingi huona asilimia ikishuka ghafla. Msimbo haujabadilika; namba ya awali ndiyo haikuwa ya kweli.

`branch = true` nayo ina uzito wake. Tazama fanksheni hii:

```
def ada(kiasi, mwanachama=False):
    malipo = kiasi * 0.02
    if mwanachama:
        malipo = 0
    return malipo
```

Jaribio moja linaloita `ada(1000, mwanachama=True)` linapita mistari yote mitano, na kipimo cha mistari pekee kinakupa asilimia 100. Lakini mteja wa kawaida, yule anayelipa ada, hajajaribiwa hata mara moja. Ukiwasha `branch`, njia mbili za `if` zinaongezwa kwenye hesabu: mistari 5 na njia 2 ni 7, zilizopitiwa ni 6, yaani karibu asilimia 86, na kwenye safu ya `Missing` unaona `3->5`. Maana yake ni kwamba hakuna jaribio lililotoka mstari wa 3 na kurukia wa 5 moja kwa moja. Kwa msimbo unaogusa fedha sikubali kipimo kisicho na `branch`.

Sasa uvujaji wenyewe. Chukua mradi wa mistari 20,000 ambao mistari 17,000 imepitiwa, na tuache njia pembeni ili hesabu iwe nyepesi. Hiyo ni asilimia 85 kamili. Mtu analeta mistari 100 mipya bila jaribio lolote: 17,000 kwa 20,100 ni 84.58. Thamani ya kawaida ya `precision`, yaani idadi ya tarakimu baada ya nukta, ni 0, na Coverage.py inakadiria kwanza hadi namba nzima ndipo inalinganisha. 84.58 inakuwa 85, taa inawaka kijani. Mistari 118 mizima inaweza kupenya hivyo kabla wa 119 haujazuiwa. Ukiweka `precision = 2`, miwili tu inatosha kugomesha ujenzi. Kizingiti cha 100 peke yake ndicho hakikadiriwi. Hapo pungufu yoyote ni kushindwa.

Kuna pia kasoro ya upande wa pili inayoudhi zaidi, kwa sababu inamwadhibu anayesafisha. Mradi wa mistari 1,000 una 850 iliyopitiwa. Mtu anafuta mistari 100 isiyotumika tena, pamoja na majaribio yake. Imebaki 750 kati ya 900, sawa na asilimia 83.33, na ombi lake la kuunganisha (pull request) linakataliwa ingawa hakuna mstari hata mmoja usiojaribiwa aliouongeza. Timu isiyoelewa hesabu hii inaishia kuandika majaribio ya ovyo ovyo mahali pengine ili kurudisha namba. Hapo mimi nashusha kizingiti ndani ya ombi lile lile, na sababu inaandikwa kwenye ujumbe wa commit.

Kwa hiyo kizingiti cha jumla nakichukulia kama sakafu tu. Lango lenyewe naliweka kwenye mistari iliyobadilika, kwa chombo kingine kiitwacho diff-cover. Inasoma ripoti ya XML na kuilinganisha na tofauti za Git:

```
coverage xml
diff-cover coverage.xml --compare-branch=origin/main --fail-under=90
```

Hapa deni la miaka iliyopita halimbani anayeleta kazi leo, na msimbo mpya hauwezi kujificha nyuma ya ule wa zamani uliojaribiwa vizuri. Kwenye GitHub Actions kuna kikwazo kimoja: `actions/checkout` kwa kawaida inaleta commit moja tu, basi diff-cover haina cha kulinganisha nacho na inagoma. Weka `fetch-depth: 0`. Jua pia kwamba kwa mabadiliko madogo asilimia inakuwa kali. Mistari mitatu, mmoja haujapitiwa, tayari uko kwenye 66. Kwangu hilo si tatizo: ama uandike jaribio, ama uweke `# pragma: no cover`, alama inayoiambia Coverage.py isiuhesabu mstari huo, na sababu kando yake, mkaguzi aione.

Kuhusu kuondoa mistari kwenye hesabu, tumia `exclude_also`, iliyokuja na toleo la 7.2. Ile ya zamani, `exclude_lines`, inafuta orodha ya kawaida ya mistari isiyohesabiwa na kuweka yako. Usipoirudisha `pragma: no cover` wewe mwenyewe, alama zote zilizotawanyika kwenye msimbo zinaacha kufanya kazi, na asilimia inashuka bila sababu inayoonekana.

Majaribio yakigawanywa kwenye mashine kadhaa, usipime kizingiti kwenye kila mashine, kwa kuwa kila moja inaona kipande chake tu. Washa `parallel = true`, kusanya faili za `.coverage.*` zote mahali pamoja, fanya `coverage combine`, ndipo uite `coverage report`. Ile `relative_files` niliyoiweka juu inafaa hapa: bila hiyo njia za faili za mashine moja hazilingani na za nyingine, na unaambiwa chanzo hakipatikani. Kitu kingine kinachopoteza muda wa watu: tangu toleo la 4.4, `actions/upload-artifact` haipakii faili zilizofichwa, na jina la `.coverage` linaanza na nukta. Hatua ya kupakia inatoa onyo tu na kubaki kijani. Inayoanguka ni ile ya kuunganisha, kwa ujumbe `No data to combine`, na unaanza kutafuta kosa mahali ambapo halipo. Ongeza `include-hidden-files: true`.

Wanaotumia SQLAlchemy (maktaba ya hifadhidata) ya async watakutana na jambo la ajabu: mstari wenye `await session.execute(...)` umepitiwa, mistari inayofuata inaonyeshwa kuwa haijapitiwa, na jaribio linathibitisha matokeo ya mistari hiyo hiyo. SQLAlchemy inatumia greenlet kwa ndani, yaani nyuzi nyepesi zinazopokezana kazi, na Coverage.py inapoteza ufuatiliaji pale zinapobadilishana. `concurrency = ["thread", "greenlet"]` chini ya `[tool.coverage.run]` inamaliza hilo.

Kasi inapungua kidogo, hilo halikwepeki. Kuanzia Python 3.12 unaweza kuweka `COVERAGE_CORE=sysmon`, inayotumia njia ya ufuatiliaji iliyomo ndani ya Python yenyewe, kupata wepesi, lakini ukitaka na `branch` unahitaji 3.14.

Namba gani uweke? Mwaka 2020 Google ilichapisha mwongozo wake: 60 inakubalika, 75 inapongezwa, 90 ni ya mfano. Kwa mradi mkongwe mimi naweka jumla pale ilipo leo, ikakatwa chini hadi namba nzima, na diff-cover kwenye 90. Jumla ikipanda na kutulia, kizingiti kinapandishwa kuifuata.

Kuna udhaifu ambao mipangilio yoyote haitauondoa. Coverage.py inajua mstari umepitiwa, haijui kama kuna aliyekagua matokeo. Jaribio linaloita `ada(1000)` bila `assert` linapata alama sawa na lile linalothibitisha kuwa jibu ni 20. Kwenye ukaguzi natazama `assert` kwanza kabla ya asilimia, na kwa moduli za malipo naendesha mutmut, ambayo inabadilisha msimbo makusudi, kwa mfano `>` kuwa `>=`, kisha inaangalia kama kuna jaribio linalolalamika. Ni nzito mno kuendeshwa kwa kila ombi la kuunganisha. Naipangia usiku, kwenye folda ya malipo tu.