Uzoefu wangu na stesheni ya Syokimau

Siku ya kwanza niliikosa treni kwa dakika mbili. Nilikuwa nimezoea matatu, ambayo konda akikuona unakuja mbio kwa mbali anagonga ubavu wa gari lisimame. Basi nikaegesha gari, nikapapasa mwavuli chini ya kiti, nikafunga mlango kama mtu aliye likizo. Nilipofika jukwaani, behewa la mwisho lilikuwa linatokomea kuelekea Imara Daima. Askari wa langoni akanicheka kidogo: "Pole boss. Hii haingoji ijae, inafuata saa."

Kosa lilikuwa langu. Siku hizi nafika robo saa mapema.

Stesheni hii iko Mavoko, kaunti ya Machakos, pembeni mwa Mombasa Road, na ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 13 Novemba 2012. Nia ilikuwa uache gari huku nje, upande treni hadi stesheni kuu ya Nairobi, ukipitia Imara Daima na Makadara. Kwangu mimi, sehemu ya kuegesha magari ndiyo yenye thamani kuliko vyote hapo. Mwenye gari anafaidi. Asiye nalo bado ana bodaboda ya kulipia kila asubuhi kabla hata hajaiona reli.

Jina lenyewe hunifurahisha kila nikilisoma pale ukutani. Wakamba husimulia kwamba Syokimau alikuwa mwanamke mtabiri, na kwamba alimwona nyoka mrefu akitoka kwenye maji ya upande mmoja kwenda maji ya upande mwingine, na watu wa ajabu wanaobeba moto mfukoni. Nyoka akaja kweli: reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Moto wa mfukoni wazee walikuja kuuelewa walipoona kiberiti. Sijui stesheni nyingine yenye jina la aliyeitabiri reli.

Safari yenyewe si ya starehe. Treni inapita kwenye reli nyembamba ya zamani, ya upana wa mita moja, na inayumba, kwa hiyo ukiwa umesimama shika chuma vizuri na chai usiifungue. Karibu na mtaa wa mabanda wa Mukuru nyumba za mabati ziko jirani na reli kiasi kwamba unaweza kuhesabu vibanio kwenye kamba ya nguo. Kisha yanakuja maghala ya Industrial Area, halafu mjini. Tangu Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, ifunguliwe mwaka 2022, wenye pesa ya kulipia hupita juu. Sisi wengine tuna foleni ya chini au treni, na asubuhi ya mvua mimi siulizwi mara mbili.

Lakini ratiba imeegemea watu wa kazini: asubuhi kuingia, jioni kutoka. Ukiwa na shughuli ya saa sita mchana, panda matatu tu.

Jambo moja la kuangalia sana. Tangu mwaka 2017 kuna Nairobi Terminus, ile ya SGR, reli mpya pana ya kwenda Mombasa, nayo iko Syokimau hii hii. Ukisema tu "stesheni ya Syokimau" unaweza kuachwa pasipo pako. Shangazi yangu, aliyekuwa anaenda Mombasa, alishushwa kwenye stesheni yetu na mabegi mawili na gunia la viazi. Nilimkuta anaitazama treni yetu kwa huruma.

"Mwanangu, hiki ndicho cha kunifikisha Mombasa?"

Nikampakia kwenye gari mbio hadi Terminus, maana kule mizigo hupangwa chini kwanza mbwa waipitie kwa pua, na hilo lina saa yake. Aliwahi. Viazi navyo vilinuswa, vikapita.