Mkuki wa hopliti au sarisa ya Kimakedonia?

Mkuki wa hopliti, yaani askari wa miguu wa Kigiriki wa kale mwenye ngao kubwa, uliitwa dori; una urefu wa mita 2 hadi 2.5 na hushikwa kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto hubeba ngao ya duara yenye kipenyo cha karibu sentimita 90 na uzito wa kilo 6 hadi 8. Mkono hupenya kwenye pete pana katikati ya ngao mpaka karibu na kiwiko, kisha kiganja hukamata kishikio kilicho ukingoni. Kwa hiyo nusu ya kushoto ya ngao hutokeza na kumkinga jirani. Kasoro yake aliieleza mwanahistoria Mgiriki Thucydides: kila askari hujisogeza kulia akitafuta ngao ya mwenzake, na safu nzima huenda upande.

Sarisa, mkuki mrefu wa jeshi la Philip II, mfalme wa Makedonia, ina mita 4.5 hadi 6 na hutaka mikono yote miwili, hivyo ngao ni ndogo na huning'inizwa kwa mkanda. Kinga halisi ni umbali: ncha za safu tano hutangulia mbele ya askari wa kwanza.

Uso kwa uso, kwenye tambarare, sarisa ni bora kabisa. Adui wake ni ardhi mbovu. Katika vita vya Pydna, mwaka 168 KK, safu ya Wamakedonia ilipasuka, Warumi wakapenya kwenye mianya kwa panga zao, mahali ambapo mkuki mrefu hivyo haugeuziki. Hopliti, mkuki ukimvunjikia, bado ana ncha ya pili kwenye kitako cha mkuki, upanga, na ngao inayomfunika kidevuni hadi magotini. Kwenye vilima, chukua dori.