Kelele za Prado zimeisha, lakini enda na kiti chako

Nyota nne kati ya tano kwa hii gereji ya Industrial Area. Ingekuwa ni kazi pekee ningewapa tano zote, hiyo moja nimetoa kwa sababu zangu nitasema huko chini.

Gari ni Prado ya 1998, ile ya 90 yenye injini ya 1KZ dizeli, oto. Si mpya lakini ndio inalisha nyumba yangu, nabeba nayo dawa za mifugo na mbegu kutoka Nakuru mpaka dukani Njoro na saa zingine napelekea wateja ndani ndani huko Mau Narok kwenye viazi. Mwenye amewahi kutoka lami kule msimu wa mvua sina haja ya kumweleza. Sasa hii gari ilikuwa na kelele tatu. Mbele ilikuwa inapiga ko-ko-ko kwa kila kashimo, na cha ajabu ukienda polepole ndio mbaya zaidi kuliko ukikimbia. Nyuma ilikuwa inagonga mara moja tu, du!, ukitoa gia kwa D ukaweka R. Ya tatu ilikuwa ya rafu rodi peke yake, kama masufuria yamemwagika kwa buti.

Kabla nifike kwa hawa nilikuwa nimepitia gereji ingine, jina naacha. Huko waliegemea gari kwa kona wakaisukuma juu chini mara kadhaa, wakasema shoki, zile za kuzuia gari isirukeruke, zimekufa zote nne. Nikanunua mpya za KYB mbele na nyuma, si pesa kidogo. Gari ikatulia kweli, ikaacha kuyumba, lakini ko-ko-ko ilibaki pale pale, na niliporudi wakamwagilia bushi, vile vipira vya kwa maungio ya saspensheni, oili chafu, kelele ikanyamaza kidogo alafu ikarudi na nguvu mpya. Kulalamika tena naambiwa "madam gari ni nzee, hizo ni kelele za uzee". Na wakati huo wote walikuwa wanaongea na kijana wangu wa duka mwenye hata kuendesha hajui, mimi mwenye gari nimesimama hapo kando. Akina mama wenye magari mnajua hiyo hadithi.

Hawa wa Industrial Area nilielekezwa na dereva wa lori. Fundi mkubwa wote wanamwita tu Mzee, hata wateja. Hakuniuliza bajeti na hakuinua gari. Aliingia kiti cha abiria, akashusha kioo, akaniambia niendeshe. Tukazunguka ile barabara ya nyuma yenye mashimo, polepole, akisema kata kushoto, kata kulia, shika breki, rudi nyuma. Nikimwongelesha hajibu, amegeuza sikio dirishani. Tuliposimama tu akaruka nje akagusa shoki moja moja na mkono. "Zote ziko na joto," akasema, "hizi ziko kazi." Kumbe shoki inayofanya kazi lazima ipate moto baada ya rafu rodi, ile imekufa unapata iko baridi wenzake wakiwa moto. Jambo dogo hivyo, halihitaji hata spana, na kule kwingine hakuna mtu alijisumbua.

Alafu akafungua linki za stabilaiza pande zote mbili, akafunga ile chuma kando na waya isiguse kitu, tukarudi barabara ile ile. Kelele ya mbele ikapungua sana. Stabilaiza ni ile chuma ndefu inaunganisha kushoto na kulia ili gari isilale kwa kona, na linki zake zikiisha ndio zinapiga kelele kwa vishimo vidogo ukienda polepole, maana tairi moja inapanda na ingine imebaki chini. Usije ukatoa zako ukaendelea kuendesha hivyo, hiyo ni ya kutesti mtaani tu, kwa kona gari italala vibaya.

Lakini ilipungua, haikuisha. Hapo ndio aliinua gari, na nilipenda kuona wanaweka stendi chini ya chesisi, si mawe na vipande vya mbao. Jeki akaiweka chini ya amu ya chini yenyewe, ile chuma inashikanisha tairi na chesisi, ili uzito wa springi usikae kwa boli jointi, ile jointi ya mviringo kati ya amu na tairi, tairi ikaning'inia, akapitisha mtaimbo chini ya tairi akainua kidogo. Upande wa kulia kitu ikasogea, nikaona na macho yangu. Akamwambia kijana wake wa gereji akanyage breki, akatikisa tena tairi juu na chini, bado inacheza. Akanieleza, mimi, si kijana wangu: "Mama, ingekuwa ni beringi, breki ingeishika isicheze. Hii ni boli jointi ya chini, na kwa hii Prado hiyo si kitu ya kungojea mwisho wa mwezi."

Hapa wenye Prado za 90 wasikilize kidogo. Kwa hii gari ile boli jointi ya chini imewekwa vile uzito wa gari unaivuta itoke, hauikandamizi ikae. Ikiisha kabisa inachomoka, tairi inajikunja chini na gari inaanguka kwa feda, na ukiwa mteremko umebeba mzigo nyuma sitaki hata kufikiria. Na mimi nilikuwa nashuka milima na hiyo kitu nikiambiwa ni kelele za uzee. Inashikwa na bolti nne tu, kubadilisha si kazi ya siku mbili. Tukaweka mpya zote mbili, kushoto na kulia, za kampuni ya 555. Mzee alinituma nikanunue mwenyewe, akanionyesha ile imetoka ili nilinganishe na ya dukani kabla nilipe, kwa sababu boksi za 555 feki ziko nyingi na yeye hataki lawama. Hakuchukua kitu juu ya spea hata moja. Ama kama alichukua, alichukua kwa ustadi mkubwa sijaona.

Bushi za amu za chini pia zilikuwa zimekwisha, ile oili ilizifanyia kazi mbaya, mpira umevimba umekuwa laini kama ugali wa moto. Mpira wa kawaida na oili ya injini hazipatani kabisa, yeyote akikuja na kopo la oili chafu kwa bushi zako mshike mkono. Kabla atoe zile bolti zenye kamu ya kurekebisha mkao wa tairi, akazipiga alama na patasi ili azirudishe karibu na zilipokuwa, la sivyo ningetoka hapo steringi inavuta kando mpaka nifike kwa watu wa alainimenti, wale wa kunyoosha tairi. Kulikuwa na kijana wa gereji jirani alikuja kunishawishi niweke zile bushi ngumu za plastiki, ati hazifi. Mzee hakubishana naye, aliniambia tu hizo zinakaa kweli lakini zikikosa grisi yake maalum zitaanza kulia, na kila kokoto la Mau Narok nitalisikia kwa mkono. Nikachukua mpira.

Sasa kitu kilinifanya nikae chini kuandika hii maneno yote ni vile alifunga hizo bushi. Kila mahali nimewahi kupeleka gari wanafunga bolti zote gari ikiwa juu, tairi zinaning'inia, wanashusha, wanakupa ufunguo. Huyu aliziweka tu kwa mkono na spana kidogo, akarudisha tairi, akashusha gari chini, akaisukuma mbele nyuma ikae, akatuambia mimi na kijana wake tuitingishe, ndio akaingia chini kukaza sawasawa. Nikamuuliza mbona anajichosha. Akasema bushi ya mpira imeshikana na chuma ndani na nje, haizunguki, inajipinda tu. Ukiikaza gari ikiwa juu, hapo juu ndio inajua ni nyumbani, ukishusha gari inakaa imejipinda saa zote hata ikiwa imepaki, na kwa barabara zetu inapasuka mapema alafu mwenye gari anasema spea ni feki. Nilifikiria bushi zote nimewahi kununua nikalaumu dukawala.

Nyuma haikuchukua muda. Kijana wake alikaa ndani amekanyaga breki, anabadilisha D na R, Mzee amelala kando na tochi, si mbele wala nyuma ya tairi. Ekseli ilikuwa inasogea kabisa, bushi za zile amu zinazoishika mbele na nyuma zimekwisha. Lakini alianza na grisi kwa propela kwanza, ile chuma ndefu inazungusha ekseli, kwenye ile sehemu inateleza ikirefuka na kufupika, kwa sababu ikikauka inaleta du! hiyo hiyo na grisi ni bei ya chai. Ikasaidia kiasi, bado du! ipo, ndio tukabadilisha bushi. Huo mpangilio ndio naupenda kwa hawa watu, wanaanza na ya bei rahisi.

Na ya tatu sasa, ya masufuria. Haikuwa saspensheni hata. Ulikuwa ni mlango wa nyuma, ule umebeba spea tairi, vile vipira vya kuukalia vimeisha na kufuli imelegea kwa hivyo uzito wote wa tairi unauchezesha. Akarekebisha ile chuma kufuli inashikia, akatafuta vipira kwa gari iliyovunjwa hapo nyuma, akaweka. Hiyo hakunilipisha. Mtu mwingine angeniuzia springi.

Haya, ile nyota moja. Kukaa hakuna mahali, kuna benchi moja na imejaa mafundi, nilisimama mpaka miguu ikavimba nikaishia kukaa kwa tairi kuukuu na sketi nzuri. Choo usiulize. Presi ya kusukuma bushi hawana, wanapeleka kwa jirani na jirani akiwa na kazi yake mnangoja, ndio gari ililala huko usiku mmoja na hawakuwa wameniambia mapema, nilijua jioni nikiwa tayari nimesimama na mikoba. Risiti mpaka uiitishe na inaandikwa kwa karatasi ya daftari. Kiti cha dereva nilikipata na mkono mzima wa grisi, vidole vyote vitano vinaonekana. Hilo Mzee aongee na vijana wake, karatasi ya kufunika kiti si kitu ya kushinda gereji.

Leba ilikuwa 8,500 kwa yote, mbele na nyuma, na hapunguzi. Nilijaribu, akanyamaza tu akiendelea kupanguza spana. Kwa watu wanapenda kuvutana bei hapo mtaumia. Kwangu mimi ilikuwa sawa kwa sababu shoki peke yake zilikuwa zimenigharimu mara kadhaa ya hiyo na hazikuponya kelele. Wili alainimenti hawafanyi, lazima uende kwingine siku hiyo hiyo, usikae nayo ukisema gari haivuti, tairi zitaliwa upande mmoja kabla ugundue.

Tangu hapo nimepanda Mau Narok na kushuka, nimebeba magunia, mbele kimya, nyuma kimya. Kuna kasauti kadogo kwa steringi ukikata mwisho kabisa, Mzee alishaniambia ni reki endi, zile jointi za mwisho wa reki ya steringi, zinaanza lakini bado zina maisha, nirudi zikianza kucheza. Hakunisukuma niziweke siku hiyo.

Mkienda, msipeleke Jumamosi, foleni ya matatu inajaa hapo mpaka barabarani. Katikati ya wiki, saa mbili asubuhi, mwambieni ukweli kelele inatokea wapi na wakati gani, na muwe na mafuta ya kutosha kwa tanki kwa sababu atataka kuzunguka kwanza. Jumapili wamefunga.