Kikapu cha wiki au mama mboga wa mtaani: kipi kinamlisha vizuri mtu aliyejitenga nyumbani Nairobi?

Mtu mzima akikaa ndani siku kumi au wiki mbili bila kutoka, kwa sababu ya ugonjwa kama korona, mlo wake hubadilika mapema kuliko anavyodhani. Chai ya saa nne kazini haipo, chakula cha mchana cha kibandani hakipo, wala ile njia ya jioni kutoka steji hadi nyumbani, ambayo ndiyo humpitisha kwa mama mboga. Kinachobaki ni kabati, nalo lina unga, mchele, sukari, mafuta, tambi na biskuti, vitu visivyooza. Staftahi husogea hadi saa nne, chakula cha jioni hadi saa tatu, na katikati hapo ni chai na vitafunio. Kwa hiyo huduma za kuletewa mboga mlangoni tunazipima hapa kwa swali moja: je, siku ya nane mtu huyo bado atakuwa anakula mboga na matunda?

Huduma hizi zilishika mizizi jijini mwaka 2020. Kafyu ya korona iliyoanza tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, iliangukia saa zile zile ambazo wafanyakazi hununua mboga wakirudi nyumbani. Oda zikahamia kwenye simu. Leo mtu ana njia mbili kuu: kikapu cha wiki kutoka kwa kampuni, unachoagiza kwa programu ya simu au WhatsApp na kuletewa siku maalumu, au mama mboga wa karibu, unayempigia simu akakutumia mzigo kwa boda au kijana wa ploti.

Tuanze na kikapu. Uzuri wake ni kwamba uzito huandikwa, matunda yamo, na mzigo mara nyingi umechambuliwa. Ubaya uko kwenye mgawanyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa mtu mzima, na viazi, viazi vitamu, mihogo na nduma havihesabiwi humo. Kwa siku saba hiyo ni kilo 2.8 za kula, yaani karibu kilo 3.5 ukiongeza maganda na vikonyo. Sasa chukua kikapu cha kilo 6 chenye kilo 3 za viazi na kilo moja ya vitunguu. Kinaonekana kimejaa, lakini mboga na matunda mengine yote yamebaki kilo 2. Kabla ya kulipa, toa viazi kwenye hesabu kisha ujumlishe upya. Kampuni nyingine hukubali kubadilisha viazi kwa kabeji, karoti au machungwa ukiomba wakati wa kuagiza. Isiyokubali haimfai mtu aliyejitenga, hata kama bei yake ni nzuri.

Tatizo la pili ni majani. Kikapu huja mara moja, na sukuma wiki, managu na terere havingoji. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na dawa yake huchukua kama nusu saa siku ya kupokea. Usioshe kila kitu kwa pamoja, kwa sababu jani lililowekwa likiwa na maji huoza upesi. Sukuma ichambue, toa majani ya manjano, funga yaliyobaki kwa kitambaa kikavu au gazeti, kisha uweke sehemu ya chini ya friji. Itafika siku ya nne au ya tano. Managu na terere hunyauka ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo osha, tumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika 2, poza kwa maji baridi, kamua, gawanya kwa mafungu ya mlo mmoja na ugandishe. Ukitaka kupika, fungu huingia moja kwa moja kwenye kitunguu kilichokaangwa, na maziwa kidogo hupunguza uchungu wa managu. Kwa mtu mgonjwa asiye na nguvu za kuchambua mboga kila jioni, mafungu hayo ndiyo humtoa kwenye mkate na chai.

Mengine ni ya haraka. Ndizi mbivu zikae mbali na majani, kwa sababu hewa zinayotoa huyafanya yageuke manjano. Viazi viwekwe gizani, mbali na vitunguu. Vilivyogeuka kijani usile. Nyanya ziombe nusu mbivu, nusu ngumu. Kabeji nzima hufika wiki mbili kwenye friji bila shida, na kwa asiye na friji, kabeji, karoti na malenge ndiyo mboga za kutegemea.

Wapo waliozoea kuosha mboga kwa sabuni tangu wakati wa korona. Tabia hiyo waiache. Sabuni hubaki kwenye majani na kuvuruga tumbo. Maji safi yanayotiririka yanatosha, kisha mtu anawe mikono.

Mama mboga anashinda kwa jambo ambalo kampuni hazijaliweza: anauza kidogo, mara nyingi. Mafungu mawili ya sukuma leo, mengine kesho kutwa, na hakuna cha kuoza. Wengi wao pia huuza maharagwe, ndengu na githeri vilivyokwisha kuchemshwa, na kwa mtu aliyejitenga hilo lina uzito kuliko punguzo lolote la bei. Maharagwe makavu huhitaji kulowekwa usiku kucha, maji ya kuloweka yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 ndipo moto upunguzwe hadi yaive. Maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri huleta kutapika na kuhara, na anayependa kuyapika kwa moto mdogo tangu mwanzo ndiye hudhurika. Ukinunua yaliyochemshwa, yachemshe tena siku hiyo hiyo na ugandishe kinachobaki.

Udhaifu wa mama mboga ni wa kweli pia. Fungu halina kipimo. La mama huyu linaweza kuwa mara mbili ya la jirani yake. Mboga zilizokatwa ni rahisi kupika, lakini mahali kisu kilipopita ndipo kuoza huanza, na vitamini C hupotea kadiri zinavyokaa. Sukuma ya kukatwa iagize kwa mlo wa siku hiyo tu, iliyobaki ije ikiwa nzima. Saa nayo ina maana: mzigo kutoka soko la jumla la Marikiti hufika vibandani asubuhi, na anayeagiza jioni hupata mabaki. Piga simu kabla ya saa nne, lipa kwa M-Pesa, mwombe aliyeleta aweke mlangoni na kuondoka ndipo ufungue. Picha ya mzigo kabla haujatoka kibandani huzuia ugomvi mwingi.

Kuna jambo ambalo huduma zote mbili hulisahau, nalo ndilo tabia ya kula ndani ya nyumba hutegemea: kinachopatikana kwa mkono mmoja. Mtu aliye ndani siku nzima hula kilicho karibu. Kikombe cha chai chenye vijiko 2 vidogo vya sukari kina takriban gramu 8. Vikombe 5 kwa siku ni gramu 40, ilhali Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida na linapendelea 25. Ongeza maandazi na biskuti, na kikomo kimepitwa mchana bado mrefu. Kwa hiyo kila oda iwe na vitu visivyohitaji jiko: karoti, matango, ndizi, machungwa, njugu karanga zisizo na chumvi. Karoti zikatwe asubuhi na kuwekwa mezani.

Kwa aliyepoteza harufu na ladha, chumvi na viungo vya pakiti huongezeka bila yeye kujua, na viungo hivyo tayari vina chumvi nyingi. Kikomo ni gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja kidogo. Ndimu, tangawizi, pilipili na dhania huamsha ulimi vizuri zaidi.

Uamuzi wetu: mama mboga kila siku ya tatu, na kikapu cha kampuni mara moja tu mwanzoni, kisicho na viazi. Anayeishi mbali na kibanda achukue kikapu, mradi atenge ile nusu saa ya majani. Oda ya kwanza ya mtu mmoja inayotosha hadi siku ya saba ni hii: kabeji moja ya kilo 1.5, karoti nusu kilo, nyanya kilo moja, sukuma mafungu mawili yasiyokatwa, managu fungu moja, ndizi 6, machungwa 6, ndimu 4, vitunguu nusu kilo, na maharagwe yaliyochemshwa vikombe 4, viwili vya kula na viwili vya friza.