Miaka mitatu ya famasia: ada nilielewa ilikoenda, maabara sikuielewa

Stashahada ya Sayansi za Dawa, ile ambayo mtaani tunaiita famasia tu, ni kozi ninayoipenda, na mdogo wangu akitaka kuisoma nitachangia ada yake. Chuo nilichosomea mimi, hapana, labda kwanza wajaze maabara. Ni chuo binafsi cha Kanda ya Ziwa na sitakitaja, kwa sababu baadhi ya walimu wake walinifundisha kwa moyo wote na bado wako pale pale. Sasa hivi nafanya kazi dirishani kwenye famasi moja hapa Mwanza. Karibu kila zamu natumia kitu nilichofundishwa chuoni, au nakutana na kitu ambacho walipaswa kunifundisha wakakiruka.

Naandika kwa ajili ya wazazi na vijana ambao hunipigia simu kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka. Sifa za kuingia si siri: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kuanzia alama D, Kemia na Biolojia yakiwemo. Unasoma Ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 za NTA, yaani tuzo za taifa za elimu ya ufundi, kila mwaka ngazi moja, kisha Baraza la Famasi likikuandikisha unakuwa fundi dawa sanifu. Fundi dawa si mfamasia, ambaye ana shahada. Wala si mtoa dawa wa duka la dawa muhimu, ambaye hupitia kozi fupi. Maduka hayo yalianzia Ruvuma mwaka 2003 na yameokoa watu wengi vijijini, ila dawa yanazoruhusiwa kuuza zina orodha yake na mipaka yake. Nimewahi kukutana na mzazi aliyelipia kozi moja akidhani ni nyingine. Uliza jina kamili la cheti atakachopewa mwanao, na chuo ukitafute kwenye orodha ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, kabla hujapeleka hela benki.

Mwaka wa kwanza unaamuliwa na hesabu. Wengi wetu tulikuja tukiogopa majina ya dawa, tukakuta kinachowarudisha watu kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, ni kugawanya na kuzidisha. Mtoto ana kilo 12, paracetamol anatakiwa apate miligramu 15 kwa kila kilo, na chupa mkononi mwako imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Unampa kiasi gani? Mililita 7.5. Ukiiona kwenye karatasi ni hesabu ya darasa la saba. Ukiwa na foleni ya akina mama dirishani na mtoto analia, inataka iwe imeingia kwenye damu. Mwalimu wetu wa somo hilo alikuwa mkali kweli kweli. Alikuwa anaingia darasani, hata salamu hatujamaliza kuitikia, keshaandika swali ubaoni, na asiyeonyesha njia hapati alama hata kama jibu ni sahihi. "Jibu sahihi la kubahatisha ni sumu iliyosubiri mtu," alikuwa akisema. Kwa mwalimu huyo peke yake nisingedai hata shilingi ya ada yangu irudi.

Maabara sasa. Kuna zoezi la kutengeneza mafuta ya Whitfield, yale ya fangasi: asidi ya benzoiki asilimia 6, asidi ya salisiliki asilimia 3, na kinachobaki ni mafuta ya kubebea dawa. Ukitaka gramu 50 unapima gramu 3 za ile ya kwanza, gramu moja na nusu ya ile ya pili, unasaga unga mpaka ulainike kabisa, halafu unachanganya na mafuta kidogo kidogo kwa kisu bapa juu ya kigae mpaka usione hata chembe. Hili ni zoezi la mikono. Halifundishiki kwa kutazama, kama vile kusukuma chapati. Darasa letu zima lilikuwa na mizani moja inayofanya kazi. Kundi likiitwa, wawili wanapima, mmoja anasaga, waliobaki wananakili namba kwenye daftari wakisimama nyuma ya mabega ya wenzao. Nina wenzangu waliofika Ngazi ya 6 bila kushika mchi. Jokofu la dawa tulichorewa ubaoni, na mshale umeandikwa nyuzi 2 hadi 8. Kwa chuo kinachotoza zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na juu yake michango ya maabara inayoandikwa kwenye risiti yake peke yake, hilo nililiona wakati ule kuwa si haki, na leo nikiwa kazini naliona hivyo zaidi.

Kilichotuokoa ni fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Nilipangiwa kituo cha afya cha serikali, wilayani, mbali na lami. Msimamizi wangu pale alikuwa fundi dawa sanifu mtu mzima, ambaye sisi wanafunzi tulimwita Baba, naye hakuniruhusu kugusa dirisha mpaka nijue stoo. Nikaanza na leja na kadi za stoo. Kila kopo likitoka linaandikwa, kila boksi likiingia linaandikwa, na mwisho wa mwezi unahesabu kwa mkono uone kama rafu na kadi vinasema kitu kimoja. Inayoisha muda mapema inakaa mbele hata kama ndiyo iliyoingia juzi. Kwenye jokofu kulikuwa na oksitosini ya kuwazuia akina mama wasivuje damu wakishajifungua, na joto lake tuliliandika asubuhi na jioni, Jumapili ikiwemo. Siku moja umeme ulikatika tangu usiku, nikamwona Baba anatembea kwa miguu alfajiri kwenda kuhakikisha vibarafu vya kwenye kisanduku baridi bado vimeganda. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Ule mshale wa ubaoni nikauelewa siku hiyo. Na taarifa ya kuomba dawa Bohari ya Dawa tuliijaza pamoja, mstari kwa mstari, kwa sababu namba ukiikosea leo, upungufu utamkuta mgonjwa miezi ijayo.

Halafu dirisha. Chuoni tulifundishwa kumuuliza mgonjwa, "Umeelewa?" Baba alilipiga marufuku swali hilo. Alisema kila mtu atajibu ndiyo, kwa heshima tu. Yeye alikuwa anamaliza maelezo kisha anasema, "Haya mama, niambie mimi sasa, ukifika nyumbani utampaje?" Mtoto wa kilo 14 ana malaria, amepewa dawa ya mseto: kidonge kimoja sasa, cha pili baada ya saa nane, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, apewe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, na akitapika ndani ya nusu saa arudishiwe dozi. Unaeleza vizuri, unajiona umemaliza. Mama anaporudia unasikia amekwambia cha pili atampa saa nane, yaani saa nane ya mchana kwenye saa ya ukutani, wakati cha kwanza amemeza saa sita. Basi unaacha kuhesabu masaa, unamtajia muda wenyewe: leo saa mbili usiku. Unachora jua na mwezi kwenye bahasha. Jambo hili sikulikuta kwenye notisi yoyote ya chuoni, na ndilo ninalolifanya mara nyingi kuliko yote.

Mitihani yetu ya mwisho wa muhula ilitungwa na Wizara ya Afya, si chuo, kwa hiyo jina la chuo halikubebi. Soma.

Kuhusu ajira niseme ukweli ninaouona. Serikalini nafasi zinatangazwa na waombaji ni wengi mno, unaweza kusubiri sana. Famasi za mitaani zinaajiri haraka, mshahara wa mwanzo ni mdogo, na zamu ni ndefu. Huko ndiko utakakotumia mafunzo yako peke yako bila Baba pembeni. Mteja anakuja na noti mkononi: "Nipe rangi mbili nne na flaji nne." Anataka antibiotiki, vidonge vinne vinne. Hana cheti cha daktari, hana dozi kamili, ana haraka. Tajiri mwenye duka yuko nyuma anataka mauzo. Chuoni usugu wa vimelea dhidi ya dawa tuliusoma kama mada ya mtihani, ukaandika sababu tano ukapata alama tano. Namna ya kumkatalia mtu mzima kwa adabu, ukamuuliza anaumwa nini, ukamwelekeza akapime, na bado akarudi kesho kuwa mteja wako, hiyo ilistahili muhula mzima. Fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa kwa TMDA, mamlaka inayodhibiti dawa na vifaa tiba nchini, pia niliishika kwa mara ya kwanza kwenye fildi, na inanisikitisha, kwa sababu ni karatasi ambayo fundi dawa yeyote anapaswa kuijaza bila kuwaza.

Pamoja na hayo yote, kozi yenyewe naipa alama za juu. Ni kazi ambayo mtu anakuja na hofu, anaondoka anajua la kufanya, na wewe ndiye mtu wa mwisho kuzungumza naye kabla hajameza. Chuo changu nakipa wastani: walimu wawili watatu wa dhahabu, maabara dhaifu, hosteli ya kuvumilika, maji ya shida wakati wa kiangazi.

Mzazi ukienda kutazama chuo, jengo jipya na bustani visikuchukulie muda. Omba kuonyeshwa maabara siku ambayo wanafunzi wako ndani, uhesabu ni wangapi wameshika kifaa na ni wangapi wameshika kalamu. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu ametengeneza nini kwa mikono yake. Uliza wanafunzi wanapelekwa fildi wapi, na anayesaini logibuku, lile daftari la kazi za kila siku za fildi, ni nani. Wenzangu wengine walipelekwa mahali ambapo aliyekuwa akiwasainia hakuwa mtu wa dawa, wakaishia kufagia na kupanga mafaili mpaka muda ukaisha. Na ya mwisho ni ya mfukoni: nauli, chumba na chakula cha fildi kwetu havikuwemo kwenye ada, na barua za fildi zilitoka zikiwa zimebaki siku chache tu za kuondoka. Hela hiyo iwekeni pembeni tangu muhula unaanza.