Vifaa vya Arduino kwa klabu ya shule Mtwara na Lindi: kipi kitangulie

Ukiwa Mtwara au Lindi, vipuri vya roboti mara nyingi unaviagiza Kariakoo, navyo vinasafiri kwa basi zaidi ya kilomita 400 kabla hujavishika. Ukiagiza kisichofaa, unalipia mzigo mara mbili, na watoto wanabaki na bodi isiyo na kazi. Hapa nimevipanga vifaa vya Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kielektroniki inayoandikiwa programu ili iendeshe roboti, nikiangalia jambo moja: kwa hela ileile, kipi kinampa mtoto mambo mengi zaidi ya kujaribu.

Nafasi ya kwanza: umeme na nyaya

Najua ulitaka kusikia vihisi (sensa) kwanza. Lakini vihisi vingi vinavyoitwa vibovu ni vizima, vimekosa umeme tu. Pini ya ishara ya Uno R3 isibebeshwe zaidi ya miliampea 20 hivi, wakati sevo ndogo ya SG90 (mota inayogeuka hadi pembe unayoitaka) ikikwama huvuta mamia ya miliampea. Volti zinashuka, bodi inajizima na kujiwasha, na mtoto anahangaika kutafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa.

Usinunue ile betri ya mstatili ya volti 9 kwa ajili ya mota. Ina nguvu ndogo na inaisha upesi. Chukua kibebeo cha betri nne za AA kwa mota na sevo, bodi ipate umeme wake kutoka pawabenki kwa waya wa USB, kisha hasi zote ziungane. Hasi zisipoungana, sevo itatetemeka tu. Ongeza bredibodi moja (kibao cha matundu cha kuunganishia vipuri bila kulehemu) na nyaya za aina tatu: dume kwa dume, dume kwa jike, jike kwa jike. Nyaya ziwe nyingi kuliko unavyodhani, maana hewa ya chumvi ya pwani yetu inashambulia ncha zake. Zitunze kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Ya pili: kipima umbali cha HC-SR04

Kwa kihisi kimoja tu, nunua hiki. Kinatuma mlio wa kilohezi 40 usiosikika, kinasubiri mwangwi, na kinapima kuanzia sentimita 2 hadi mita 4. Roboti inayokwepa ukuta, kipimo cha maji kwenye simtanki, kengele ya mlango: vyote vinatoka hapa.

Tena kina somo la fizikia ndani yake. Mifano mingi ya programu hutumia mwendo wa sauti wa mita 343 kwa sekunde, ambao ni wa nyuzi joto 20. Darasani Mtwara mchana, kwenye nyuzi 30, sauti inakwenda kama mita 349. Kwa ukuta ulio mita 2, tofauti inafika sentimita 3 na kidogo. Waache watoto waigundue wenyewe kwa futikamba.

Angalizo: pini yake ya mwangwi inatoa volti 5. Uno haina shida nazo, ila bodi nyingine kama micro:bit na ESP32 hutumia volti 3.3 na zinaweza kuungua. Wenye bodi hizo waagize HC-SR04P.

Ya tatu: kihisi cha unyevu wa udongo, cha kapasita

Huku kwenye korosho na bustani za mboga, hiki kinaingia hadi nyumbani. Mtoto anaweza kufuatilia viriba vya miche ya mikorosho na kujua lini vimwagiliwe. Kuna aina mbili sokoni. Ile ya bei ndogo yenye meno mawili ya chuma yaliyo wazi, iache. Umeme ukipita kwenye udongo wenye maji, meno yanalika. Ya kapasita imefunikwa na hudumu. Kingo zake zipake rangi ya kucha ili maji yasipenye, na usizamishe sehemu ya juu yenye vipuri. Kabla ya kuitumia, soma namba yake ikiwa hewani, kisha ikiwa ndani ya maji; kila kimoja kina namba zake.

Ya nne: kiendesha mota

Hiki ni kibodi kinachoipa mota umeme wa betri kwa amri ya Uno. Aina ya L298N ndiyo inayopatikana kirahisi, na waya zake hufungwa kwa bisibisi. Tatizo, inakula karibu volti 2, kwa hiyo betri za volti 6 zinaipa mota kama 4 tu. TB6612FNG haipotezi hivyo, lakini mara nyingi inahitaji kulehemiwa. Kama una fundi redio jirani, chukua hiyo ya pili.

Ya tano: DHT22

Hupima joto na unyevu wa hewa. DHT11 ni rahisi zaidi kwa bei, ila inaishia unyevu wa asilimia 90 na joto lake linaweza kukosea kwa nyuzi 2. Kwa pwani, na hasa kwa ghala la korosho, ongeza hela uchukue DHT22.

Vihisi vya kuiongoza roboti ifuate mstari sakafuni ni vizuri, lakini kwenye jua kali vinachanganyikiwa, basi vitumike ndani. Lile sanduku la vihisi 37 sikushauri, vingi havitaguswa. Rilei (swichi inayoamriwa na bodi) ya kuwasha taa za nyumbani isimfikie mtoto kabisa, maana volti 230 zinaua.

Kabla ya kutuma hela, mwombe muuzaji picha ya kifaa chenyewe, mbele na nyuma. Ukiona matundu matupu yasiyo na pini, mwambie akulehemie kabisa kabla hajakipeleka kwenye basi.